Kompyuta ya Nyumbani Inayobeba Kazi ya Usharika: Mambo ya Msingi kwa Wanaoanza

Utangulizi



Katika sharika zetu nyingi hakuna ofisi yenye kompyuta. Kompyuta iliyopo ni ya katibu au ya mhazini, na iko nyumbani kwake, mara nyingi juu ya meza ile ile ambayo watoto hufanyia kazi za shule. Humo ndimo ilimo orodha ya washarika na namba zao za bahasha, hesabu za sadaka na ahadi, mihtasari ya vikao vya baraza la wazee, na taarifa za mradi wa maji au wa shule ya awali zinazosubiriwa na wafadhili.

Kwa sababu hiyo, matunzo ya kompyuta ya nyumbani si jambo la mwenye kompyuta peke yake. Linaihusu kamati nzima, na linawahusu pia wafadhili wanaotegemea taarifa zinazotoka humo. Kompyuta ikiungua, inaweza kununuliwa nyingine. Hesabu za miaka mitatu zikipotea, hakuna duka linaloziuza. Makala hii inaeleza mambo machache ya msingi ambayo mtu anayeanza anaweza kuyafanya mwenyewe, bila kuwa fundi, ili kazi ya usharika isipotee.

Kompyuta hutunzaje kazi yako?

Ni vizuri kuanza na jambo moja ambalo likieleweka, mengine yote yanakuwa rahisi. Ndani ya kompyuta kuna sehemu mbili za kuwekea kazi.

Sehemu ya kwanza ni kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita RAM. Hii tunaweza kuifananisha na meza ya kazi. Unapoandika barua, maneno yako yanakaa juu ya meza hii. Umeme ukikatika, kila kilichokuwa juu ya meza hufutika.

Sehemu ya pili ni diski. Hii ni kama kabati. Kilichowekwa kwenye kabati hubaki hata kompyuta ikizimwa kwa mwezi mzima. Kuna diski za zamani zenye sahani inayozunguka kwa kasi, na kuna diski mpya zisizo na kitu kinachozunguka, ziitwazo SSD. Zile za zamani huharibika kwa urahisi zaidi kompyuta ikianguka au ikisukumwa ikiwa imewaka. Lakini diski yoyote, mpya au ya zamani, iko siku itaharibika.

Kuhifadhi kazi maana yake ni kuitoa mezani na kuiweka kabatini. Njia ya haraka ni kubonyeza Ctrl pamoja na herufi S. Jizoeze kufanya hivyo kila unapomaliza aya moja au mistari michache ya hesabu. Baadhi ya programu hujihifadhia kazi zenyewe kila baada ya muda, lakini usizitegemee mpaka uwe na hakika kwamba faili lako lilishapewa jina na mahali pa kukaa.

Umeme

Umeme wetu wa nyumbani ni wa volti 230, lakini wote tunafahamu kwamba haukai hapo siku zote. Hupanda, hushuka, hukatika na kurudi ghafla. Wengi huogopa kukatika, lakini kwa vifaa vyenyewe hatari kubwa zaidi iko wakati wa kurudi, kwa sababu mara nyingi umeme hurudi na msukumo mkubwa wa ghafla. Hivyo basi, tunashauri yafuatayo:

1. Umeme ukikatika, chomoa plagi ya kompyuta ukutani. Ukirudi, subiri dakika chache uone kama umetulia ndipo uchomeke tena.

2. Kunapokuwa na radi, chomoa kila kitu, pamoja na waya wa intaneti kama upo. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

3. Wenye kompyuta ya mezani watafute UPS. Hiki ni kifaa chenye betri kinachoipa kompyuta dakika chache umeme unapokatika. Dakika hizo ni za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, si za kuendelea kufanya kazi. Usichomeke pasi au printa ya leza kwenye UPS, kwa kuwa huvuta umeme mwingi kuliko uwezo wake.

4. Stabilaiza ni kitu kingine. Kazi yake ni kuweka sawa umeme unaopanda na kushuka, na ya kawaida haina betri. Haiwezi kuchukua nafasi ya UPS.

5. Angalia LUKU kabla ya kuanza kazi ndefu. Uniti zikiisha katikati ya hesabu, kompyuta haitofautishi na umeme uliokatika kijiji kizima.

Kama usharika unafikiria kununua kompyuta mpya na umeme wa eneo lenu si wa uhakika, laptopu inafaa kuliko kompyuta ya mezani. Ina betri yake yenyewe, na kwa kawaida hutumia wati 30 hadi 65, wakati kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake inaweza kutumia mara mbili au tatu ya hapo. Kwa wanaotumia umeme wa jua tofauti hiyo ni kubwa.

Vumbi na joto

Kompyuta hujipooza kwa feni inayovuta hewa ndani. Feni hiyo huvuta na vumbi. Vumbi likijaa, joto hupanda, kompyuta huwa nzito, hujizima yenyewe, na mwishowe huharibika. Kwa hiyo usiiweke laptopu juu ya godoro au kochi inapofanya kazi, maana matundu ya hewa yanazibwa. Iweke juu ya meza.

Kuifunika kwa kitambaa safi ni jambo jema, lakini ifunike baada ya kuizima. Kitambaa juu ya kompyuta inayowaka ni kama blanketi juu ya mgonjwa wa homa. Kwa kompyuta ya mezani, mwombe fundi afungue kasha na kupuliza vumbi mara moja au mbili kwa mwaka. Wanaokaa maeneo yenye vumbi jingi kama Dodoma na Singida wafanye mara nyingi zaidi. Walioko pwani wakumbuke kwamba hewa ya chumvi hula vyuma vya ndani, hivyo kompyuta isikae karibu na dirisha lililo wazi upande wa bahari.

Kompyuta za msaada

Sehemu hii tunawaandikia hasa wafadhili na sharika rafiki wanaotaka kutuma kompyuta zilizotumika, pamoja na kamati zinazozipokea. Tunashukuru sana kwa moyo huo. Ili msaada ufanye kazi iliyokusudiwa, yako mambo mawili ya kuangalia kabla kompyuta haijafungwa kwenye boksi.

La kwanza ni umeme. Marekani hutumia volti 120. Chaja nyingi za laptopu zimeandikwa 100 hadi 240, nazo hufanya kazi hapa bila shida, ila zitahitaji kubadilishiwa plagi. Lakini baadhi ya kompyuta za mezani za zamani zina swichi ndogo nyuma ya kasha, mara nyingi nyekundu, yenye namba 115 na 230. Ikichomekwa hapa ikiwa imesimama kwenye 115, itaungua papo hapo. Kabla ya kuchomeka kompyuta yoyote iliyotoka ng'ambo, geuza kasha, tafuta swichi hiyo, na soma kilichoandikwa. Printa na UPS nyingi za Marekani hazina swichi wala uwezo wa kupokea volti 230. Hizo ni afadhali zisitumwe.

La pili ni umri wa programu. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Watu wa kawaida walipewa njia ya kujiandikisha ili kuongezewa mwaka mmoja tu, hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 nayo ina masharti yake, ikiwemo kifaa kidogo cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 haziyatimizi. Kompyuta inaweza kuwa nzima kabisa kwa macho, lakini ikawa haiwezi kupokea Windows mpya.

Hii haina maana kwamba kompyuta hiyo itupwe. Inaweza kuwekewa Linux, ambayo ni bure na ina matoleo yanayoendelea kupata masasisho. Pamoja nayo iko LibreOffice, programu ya kuandikia barua na kupangia hesabu, ambayo pia ni bure na hufungua mafaili ya Word na Excel. Wasomaji wa siku nyingi watakumbuka kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa lugha ya Kiswahili. LibreOffice ilizaliwa mwaka 2010 kutoka katika OpenOffice hiyo hiyo. Hivyo si jambo geni kwetu. Kamati ihakikishe tu kwamba yuko mtu wa kuwaelekeza watumiaji katika wiki za mwanzo.

Kupanga mafaili

Mtu anayeanza huweka kila kitu kwenye skrini ya mbele, na baada ya miezi sita hawezi kuona picha ya nyuma kwa wingi wa mafaili. Humo kuna faili liitwalo "barua", jingine "barua mpya", na jingine "barua mpya kabisa". Mhazini akihamishwa, anayepokea hajui lipi ndilo sahihi.

Tunashauri folda moja kuu yenye jina la usharika, na ndani yake folda chache: Fedha, Vikao, Washarika, Miradi, Barua. Majina ya mafaili yaanze na mwaka, kisha mwezi, kisha habari yenyewe. Kwa mfano, "2025-03 Hesabu za sadaka" au "2025-06 Taarifa ya mradi wa maji". Ukianza na mwaka, kompyuta huyapanga yenyewe kwa mfuatano wa tarehe, na mtu yeyote wa kamati anaweza kupata anachotafuta bila kumpigia simu katibu.

Vilevile, mafaili ya usharika yasichanganywe na picha za harusi za familia. Yakikaa katika folda moja kuu, ni rahisi kuyanakili yote kwa mara moja. Hilo linatupeleka kwenye jambo kubwa kuliko yote katika makala hii.

Nakala ya akiba

Tumekwisha kusema kwamba diski yoyote iko siku itaharibika. Aidha, kompyuta huibiwa, huanguka, humwagikiwa chai, na nyumba huungua. Kinga ya kweli dhidi ya haya yote ni moja tu: kuwa na nakala nyingine mahali pengine.

Wataalamu wana kanuni rahisi ya kukumbuka: tatu, mbili, moja. Maana yake ni kuwa na nakala tatu za kila kitu muhimu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo iwe nje ya nyumba ilipo kompyuta. Kwa usharika wa kawaida jambo hili linaweza kufanyika hivi:

- Nakala ya kwanza ni ile iliyo ndani ya kompyuta.
- Nakala ya pili iwe kwenye flashi au diski ya nje, inayotunzwa na mchungaji au kwenye kabati la fedha la usharika. Isikae kwenye mkoba wa kompyuta, kwa sababu mwizi wa mkoba atachukua vyote viwili.
- Nakala ya tatu iwe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Google Drive hutoa gigabaiti 15 bila malipo, nafasi ambayo hugawanywa pamoja na barua pepe na picha za akaunti hiyo. OneDrive hutoa gigabaiti 5.

Wengine huogopa kwamba hifadhi ya mtandaoni itamaliza bando. Kwa picha na video hofu hiyo ni ya kweli. Lakini faili la hesabu za mwezi kwa kawaida halifikii megabaiti moja. Hata kurasa za kitabu cha ubatizo zikipigwa picha kwa simu, tuseme megabaiti 3 kila ukurasa, gigabaiti 15 zinatosha kurasa zipatazo 5,000. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa vya baadhi ya sharika zetu ni vya zamani, na vina nakala moja tu, ile ya karatasi. Mchwa na mvua havichagui.

Chagueni siku moja katika wiki ya kunakili, kwa mfano Jumatatu baada ya hesabu za sadaka ya Jumapili kuingizwa. Baada ya kunakili, fungua nakala yenyewe uone kama inasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haina uhakika. Kabla ya kuchomoa flashi, iambie kompyuta kwamba unaitoa, kisha subiri ikuruhusu. Flashi ikichomolewa wakati bado inaandikwa, faili linaweza kuharibika.

Flashi zenyewe si kabati la kudumu. Ni ndogo, hupotea, na huchoka. Ziwe mbili, zitumike kwa zamu, na ziandikwe tarehe.

Virusi na masasisho

Virusi vya kompyuta ni programu iliyotengenezwa na mtu kwa nia mbaya. Haitokei yenyewe kwa uchakavu au kwa vumbi. Huingia kwa kuletwa.

Katika mazingira yetu mlango mkubwa ni flashi. Katibu anakwenda steshenari kuchapa taarifa, flashi inachomekwa kwenye kompyuta iliyopokea flashi za watu hamsini siku hiyo, kisha inarudi nyumbani na mgeni. Dalili inayojulikana sana ni kukuta mafolda yako yamegeuka kuwa njia za mkato ambazo hazifunguki. Mara nyingi mafaili bado yapo ila yamefichwa, hivyo usikimbilie kuifuta flashi nzima. Mpelekee kwanza mtu anayefahamu. Kwa kazi za kuchapa, tumia flashi tofauti na ile ya nakala ya akiba, na ikirudi ikaguliwe na programu ya kukinga virusi kabla ya kufunguliwa. Windows 10 na 11 zina programu yao ya kukinga virusi, na kwa matumizi ya nyumbani inatosha mradi isasishwe.

Kusasisha maana yake ni kupokea marekebisho yanayotolewa na watengenezaji baada ya kugundua tundu la usalama. Wengi wetu huyazima ili kuokoa bando. Faida yake ilionekana wazi mwaka 2017. Mwezi Machi mwaka huo Microsoft walitoa rekebisho la tundu fulani katika Windows. Mwezi Mei virusi vilivyoitwa WannaCry vikapitia tundu hilo hilo, vikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na kudai malipo ili kuyafungua. Hospitali nyingi za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kompyuta zilizokuwa zimepokea rekebisho la Machi zilikuwa salama dhidi ya shambulio hilo.

Kama bando ni tatizo, panga siku moja kwa mwezi ya kupeleka laptopu mahali penye intaneti ya uhakika, kama vile ofisi ya jimbo au shule ya jirani, isasishwe yote kwa pamoja. Gharama hiyo iingizwe kwenye bajeti ya usharika. Si haki mhazini aibebe kwa mfuko wake.

Neno la siri na watumiaji wengine nyumbani

Kompyuta ya nyumbani hutumiwa na wengi. Si lazima kuwafukuza watoto. Windows inaruhusu kila mtu kuwa na akaunti yake ya mtumiaji katika kompyuta moja. Mtengenezee mtoto akaunti yake isiyo na mamlaka ya kuweka programu mpya, na kazi ya usharika ikae katika akaunti yako yenye neno la siri. Hapo mtoto anaweza kucheza michezo yake bila kufuta hesabu za sadaka.

Neno la siri zuri ni refu. Jina la mtoto au mwaka wa kuzaliwa hukisiwa upesi. Maneno manne yasiyohusiana, yakiunganishwa, ni magumu kukisia na ni rahisi kukumbuka. Neno la siri la barua pepe lisitumike mahali pengine popote.

Hata hivyo, neno la siri linalojulikana na mtu mmoja tu ni hatari ya aina nyingine. Katibu akifariki, akihama au akiugua, usharika unafungiwa nje ya kumbukumbu zake wenyewe. Maneno ya siri ya kompyuta na ya barua pepe ya usharika yaandikwe, yafungwe katika bahasha iliyosainiwa, na bahasha itunzwe na mchungaji mahali panapofungwa kwa ufunguo. Likibadilishwa neno la siri, ibadilishwe na bahasha.

Kamati ikumbuke pia sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti kwa yeyote anayekusanya na kutunza taarifa za watu, na taarifa zinazoonyesha imani au afya ya mtu zimo katika kundi la taarifa nyeti. Orodha ya washarika, michango yao, na majina ya wagonjwa wanaotembelewa na diakonia si vitu vya kuachwa wazi kwenye skrini, wala vya kutumwa kwenye makundi ya simu.

Ulaghai kwa barua pepe na simu

Sote tumewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Namba zinazotuma ujumbe wa namna hiyo zinaweza kuripotiwa TCRA kwa kutuma kwenda 15040. Lakini uko ulaghai mwingine unaowalenga hasa wanaopokea na wanaotuma fedha za miradi.

Mlaghai hupata neno la siri la barua pepe ya usharika au ya mfadhili. Hafanyi fujo. Hukaa kimya akisoma barua mpaka ajue fedha zitatumwa lini. Kisha huandika barua kama ya katibu, yenye salamu zile zile za kawaida, akisema akaunti ya benki imebadilika. Mfadhili anatuma fedha kwa nia njema, na zinaishia mikononi mwa mwizi. Usharika nao unabaki ukidaiwa taarifa ya fedha ambazo haukuzipokea.

Kinga yake ni utaratibu mmoja ambao tunaziomba pande zote mbili ziukubali sasa: hakuna namba ya akaunti itakayobadilishwa kwa barua pepe pekee. Mfadhili akipokea barua ya namna hiyo apige simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo, na azungumze na mtu anayemfahamu. Aidha, barua pepe ya usharika iwekewe uthibitisho wa hatua mbili, yaani mbali na neno la siri idai na namba inayokuja kwenye simu.

Kompyuta ikiharibika

Kompyuta ikigoma kuwaka, usiiwashe na kuizima mara nyingi mfululizo. Kama diski ndiyo inayokufa, kila jaribio huongeza madhara. Mpelekee fundi unayemwamini, na kabla hajaigusa mwambie maneno haya: "Humu ndani kuna kazi. Itoe kwanza, ndipo utengeneze."

Tunasema hivyo kwa sababu njia inayopendwa na mafundi wengi ni kupiga Windows upya. Kwa tatizo la programu hiyo ni njia ya haraka, lakini mara nyingi hufuta mafaili yaliyokuwa kwenye sehemu ile ile, pamoja na yale yaliyowekwa kwenye skrini ya mbele. Fundi anayelipwa kwa kuiwasha kompyuta atakuwa amefanya alichoagizwa, na kumbukumbu zenu zitakuwa zimekwenda. Ikiwezekana, mjumbe mmoja wa kamati awepo wakati wa matengenezo, maana diski hiyo ina taarifa za washarika.

Maswali kwa ajili ya kamati

Tunaziomba kamati zitenge nusu saa katika kikao kijacho zijadili maswali haya, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari:

1. Kumbukumbu za usharika wetu ziko kwenye kompyuta ya nani, na nani mwingine anaweza kuzifikia?
2. Kompyuta hiyo ikiibiwa usiku wa leo, tutakuwa tumepoteza kazi ya siku ngapi?
3. Nakala ya akiba iko wapi, na ilifunguliwa lini mara ya mwisho?
4. Bajeti yetu ina fungu la UPS, flashi na bando, au tumemwachia mhazini mzigo huo?
5. Tumekubaliana nini na wafadhili wetu kuhusu mabadiliko ya akaunti ya benki?

Kama jibu la swali la tatu ni kwamba nakala haipo, kikao kisifungwe kabla ya kumteua mtu mmoja wa kuitengeneza na tarehe ya kuileta mbele ya kamati. Mengine yaliyomo katika makala hii yanaweza kufuata taratibu, mwezi hadi mwezi.

Imeandaliwa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi.